Kopo la Balbu Zilizoungua

Kanisani kwetu Kanyaruchinya, anayesimama kutoa ushuhuda huja na Biblia, au huja amemshika mkono mtoto aliyepona. Mimi nilikuja na kopo la maziwa ya unga. Nilipolitikisa lililia kama kayamba, na akina mama wa kwaya wakageuka kuangalia. Ndani mlikuwa na balbu 14 za taa za mbele za gari langu, zote zimeungua. Niliwaambia wapendwa kwamba kila moja ilikufa ikiwa na neno la kuniambia, na kwa miezi saba sikusikiliza hata moja.

Siku ile nilipewa dakika tano. Baada ya ibada madereva wawili walinifuata hadi mlangoni, kwa sababu na wao wana makopo yao nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni dereva. Gari langu ni Toyota ya zamani, usukani uko kulia, ilitoka Japani ikapita mikono mingi kabla ya kufika Goma. Kanyaruchinya iko kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo, na wakati ninaousimulia nilikuwa nabeba watu na mizigo kati ya mjini na Kibumba. Kibumba ndiko zinakotoka kabichi, viazi na karoti zinazoliwa Goma, na nyingi huteremka kwa chukudu. Kwa msomaji wa mbali: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali, kina usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe na ubao mrefu wa kuwekea magunia. Mwenye nacho hupanda mlimani akisukuma, hushuka amekipanda. Breki yake ni kipande cha mpira nyuma anachokikanyaga. Taa hana.

Na jua la kwetu likizama saa kumi na mbili, giza halichelewi. Mtu wa chukudu anayeteremka saa hiyo anasoma barabara kwa taa za wengine. Hilo nilikuwa naliona kila siku na sikulielewa. Nilidhani taa za gari langu ni za macho yangu.

Balbu ya kwanza iliungua mwezi wa 4, mwaka 2019. Ulikuwa mwaka wa Ebola, tulikuwa tunashuka garini kwenye vizuizi kunawa mikono na kupimwa joto. Taa ya kushoto ilizimika, nikanunua balbu Birere, nikaibadilisha mwenyewe kando ya barabara. Wiki tatu, ikaungua. Nikanunua nyingine. Siku kumi na mbili. Kisha ya kulia nayo, kisha ya kushoto tena. Nikaanza kuziweka kwenye kopo, maana nilikuwa na kesi moyoni: nilitaka siku moja nimwage ushahidi wote juu ya meza ya kijana aliyekuwa ananiuzia.

Na nilifanya hivyo. Nilikwenda na balbu tisa, nikazimimina mbele ya wateja wake, nikamwita mwizi. Nilisema anauza mali bandia. Kijana alinijibu kwa upole, “Papa, balbu hizohizo nawauzia wengine, hawarudi.” Sikutaka kusikia. Nilivuka nikanunua kwingine, na zile za kwingine nazo zikaungua.

Balbu bandia zipo, tena nyingi, na sitamlaumu dereva anayezishuku. Lakini kama balbu za maduka matatu tofauti zinafia kwenye gari moja, muuaji anaishi ndani ya gari. Leo naona wazi. Wakati ule hasira ilikuwa rahisi kuliko kufungua boneti.

Rafiki mmoja akanishauri niweke balbu kubwa. Za kawaida kwenye gari langu ni za wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa taa fupi. Akasema weka za 100, hizo zina nguvu hazifi. Niliweka. Kwa usiku nne niliona kama mfalme. Usiku wa tano nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, nikasimama, nikakuta soketi ya kushoto imeyeyuka na kushikana na miguu ya balbu. Nyaya za gari zilitengenezwa kiwandani kupitisha umeme wa balbu ya wati 55, ampea nne na kitu. Mimi nilikuwa napitisha karibu mara mbili. Kila gari lililokutana nami lilipiga honi, na mimi nikidhani wananihusudu. Nilizitoa, nikaunga soketi nyingine kwa utepe, nikarudi kwenye za kawaida. Zikaendelea kufa.

Nikazoea. Hapo ndipo ninapojihukumu zaidi. Kuna wakati mtu huacha kuona kilichoharibika kwa kuwa kimeharibika muda mrefu. Taa ya kushoto ikizimika nilisema nitanunua Jumamosi, Jumamosi pesa ikaenda kwenye karo, na gari likatembea na jicho moja wiki nzima. Barabara nilikuwa naijua kwa moyo. Nilikuwa naona vya kutosha.

Mwezi wa 11, jioni yenye mvua nyembamba, nilikuwa napanda kuelekea Kibumba na abiria watatu. Kwetu Kongo tunapita upande wa kulia. Taa yangu ya kushoto, iliyo upande wa katikati ya barabara, ilikuwa imekufa. Ya kulia, iliyo upande wa ukingo, ilikuwa inawaka. Mbele palikuwa na lori limeharibika upande wa wanaoteremka, dereva wake ameweka matawi barabarani kama onyo. Mtu wa chukudu alikuwa anashuka na magunia mawili ya viazi. Alipolifikia lori ilimbidi alipite kwa kuingia katikati. Aliangalia mbele, akaona taa moja, iko mbali pembeni, akajua nafasi ipo.

Nilimwona akiwa tayari kwenye kioo changu. Nilikata kulia, gurudumu likapanda mawe ya volkano, na ubavu wa gari ukagonga gunia. Gunia ndilo lililogongwa, Mungu anajua. Chukudu ilijipinda, yeye akarushwa. Viazi vilitawanyika barabarani vikiteremka kimoja kimoja kuelekea Goma, na hadi leo nikisikia viazi vikimwagwa sokoni mwili unanisisimka.

Alikuwa amekaa chini ameushika mkono wake. Nikainama nikaanza kusema maneno ya dereva yeyote, kwamba amenifuata upande wangu, kwamba kwa nini hakuangalia. Alinitazama bila hasira. Alisema, “Kaka, mimi niliona pikipiki.”

Hakusema zaidi. Nilisimama nikageuka kulitazama gari langu kwa mara ya kwanza kutoka mahali alipokuwa yeye. Lilikuwa pikipiki. Upande wote wa kushoto, bodi, bampa, abiria wangu, vyote vilikuwa havipo.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja, akafungwa plasta. Nililipa matibabu, nililipa viazi, na kwa wiki sita nililipa posho ya nyumba yake maana mkono ule ndio unaoshika usukani wa chukudu. Pesa hizo zingenunua balbu za miaka kumi. Sizitaji ili nihurumiwe. Nazitaja kwa sababu nililipa bei ndogo. Kama ningechelewa kukata kulia, ningekuwa naandika habari nyingine au nisingeandika.

Abiria mmoja aliyekuwa garini usiku ule ndiye aliyeniambia habari za mzee wa umeme. Ni mzee aliyekaa miaka mingi akifunga nyaya za malori, na siku hizi anafanya kazi nje ya nyumba yake, chini ya mkaratusi, na vifaa vyake vyote vinaenea kwenye sanduku moja. Nilimpelekea gari na nikampa kopo. Nilimwomba aniambie ninunue balbu ya aina gani.

“Leo hununui balbu, kijana wangu,” alisema. Akatandika gunia chini, akamwaga zile 14, akaanza kuzipanga kama mtu anayechambua maharagwe.

Alitenga tisa. Vioo vyake vilikuwa vimefunikwa ndani na weusi unaong'aa kama risasi. “Hizi zilipikwa,” alisema. “Zilipewa umeme kuliko uwezo wao, uzi wa ndani ukageuka mvuke polepole ukajipaka kwenye kioo.” Akatenga tatu zenye kioo safi kabisa, uzi wa ndani umekatika katikati. “Hizi zilitikiswa.” Moja ilikuwa nyeupe ndani kama iliyomwagiwa maziwa: hewa ilikuwa imeingia, kioo kilikuwa na ufa. Na ya mwisho ilikuwa na uvimbe ubavuni, kama malengelenge. Aliniuliza niliibadilisha nikitoka kufanya nini. Nilikumbuka. Nilikuwa nimetoka kula sambaza, samaki wadogo, za kukaanga. Balbu hizi za halojeni hupata joto kali sana, na mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, sehemu ile hujipika peke yake hadi kioo kinavimba au kinapasuka. Hushikwa kwa kitako chake cha chuma, au kwa kitambaa kisafi, na ukigusa kioo kwa bahati mbaya unakipangusa kwa spiriti kabla ya kuwasha.

Miezi saba nilikuwa nimebeba majibu hayo ndani ya kopo nikayaita ushahidi dhidi ya mtu mwingine.

Kisha alitoa kipima umeme chake. Aligusa vichwa vya betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.6, nzuri. Akaniambia niwashe: 14.2, nzuri. Akaniambia nikanyage mafuta kidogo nishikilie hapo. Namba ikapanda 14.8, 15.3, ikasimama 15.7. Akanionyesha bila kusema neno. Gari la volti 12 halipaswi kupita 14 na nusu hivi. Na balbu ni kiumbe mwepesi kuumia: ukiiongezea volti tano tu kwa kila mia, maisha yake hupungua karibu nusu. Mimi nilikuwa naziongezea zaidi ya hapo kila nilipopanda mlima wa Kibumba nikikanyaga mafuta.

“Betri yako unaiongeza maji mara ngapi?” aliuliza.

Kila wiki. Nilidhani ni uzee wa betri. Na taa zako huzidi kung'aa ukikanyaga mafuta? Ndiyo, na nilikuwa nafurahia. Na harufu ya yai bovu huisikii? Naisikia, nilidhani ni mlima. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo huwa na wa kumsingizia harufu.

Nilijua atasema alternata, mashine inayochaji betri, imekufa, nikaanza kupiga hesabu ya mahali pa kukopa. Hakusema hivyo. Alifuata plagi iliyo nyuma ya alternata, yenye nyaya tatu nyembamba, akavuta mmoja kwa kidole. Mmoja kati ya nyaya hizo haubebi nguvu ya kuwasha kitu chochote. Kazi yake ni kupeleka habari: huiambia regulata, kile kidude kinachodhibiti chaji, kwamba betri sasa ina volti ngapi. Kiungio cha waya ule karibu na fyuzi yake kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Umeme ulikuwa unapita kwa shida, hivyo habari iliyofika ilikuwa pungufu. Regulata iliambiwa betri ina njaa, nayo kwa uaminifu wote ikazidi kuisukumia umeme. Alternata haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inadanganywa.

Alikata sehemu iliyooza, akaunga waya mpya wa urefu wa kiganja, akasugua mahali pa fyuzi hadi pakang'aa. Tukawasha, nikakanyaga: 14.3. Nikakanyaga zaidi: 14.3. Nilibaki nimekanyaga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kazi ile ilinigharimu chini ya bei ya balbu mbili.

Zile tatu zilizotikiswa zote zilikuwa za kushoto, na sababu yake ilikuwa mbele ya macho. Taa ya kushoto ilipoteza mguu mmoja wa kuishikilia tangu nilipogonga jiwe miaka ya nyuma, na nilikuwa nimeifunga kwa mpira wa ndani wa tairi. Njia za mtaani kwetu zimetandikwa mawe ya volkano. Kila ninapotoka nyumbani balbu ile ilikuwa inachezeshwa kama kokoto kwenye kibuyu. Tukaifungia kipande cha bati na boliti mbili. Tukasafisha na ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi, ambao mafundi wetu wanauita masi kwa Kifaransa.

Mzee alikuwa na jambo moja zaidi, na alilisubiri giza. Alilielekeza gari kwenye ukuta wa nyumba yake, akawasha taa fupi, akaniambia nitazame umbo la mwanga. Upande wa kushoto ulikuwa umepanda juu kama kilima. Gari la Japani limetengenezwa kwa nchi ya kupita kushoto, kwa hiyo taa zake huinua mwanga kushoto ili kumulika ukingo wa kwao. Kwetu upande huo ndiko wanakotokea wanaokuja mbele. Miaka yote hiyo, hata taa zote mbili zilipokuwa nzima, nilikuwa nawamwagia mwanga machoni. Tulibandika utepe mweusi mahali mwanga unapopandia na kuziinamisha taa kidogo. Magari mengi ya Goma yana usukani wa kulia na sijui ni mangapi yaliyowahi kuwekwa mbele ya ukuta. Ombi langu kwa kila dereva anayesoma hapa: ukuta ni bure, fanya jioni ya leo.

Wiki ile nilirudi Birere. Kijana aliponiona na kopo alisimama, nadhani alijiandaa kwa matusi. Nilimwomba msamaha kwa sauti ileile niliyomtukania, mbele ya wateja, maana deni la hadharani halilipwi kwa kunong'ona. Alinyamaza, kisha akaniuliza niliona nini kwenye gari. Nilimweleza. Siku hizi mteja akirudi na malalamiko, humuuliza kwanza kama gari limepimwa volti.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi, mlima ulipopasuka. Anga ilikuwa nyekundu na umeme wa mji ulikatika sehemu nyingi. Nilipakia jirani, watoto, godoro, mbuzi mmoja, tukashuka na kushika njia ya Sake na maelfu ya watu kwa miguu. Waliotembea walikuwa wanaingia ndani ya mwanga wa taa zangu kwa makusudi, mama amebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, wanatembea mbele ya gari ili waone pa kukanyaga. Sikupiga honi. Nilienda mwendo wao hadi karibu na kukucha, na mkono wangu ulikuwa kila mara unagusa swichi ya taa kuhakikisha ipo. Hazikuzimika.

Mwaka 2022 vita vikafika Kibumba, barabara ikafungwa mbele yetu, na Kanyaruchinya ikajaa watu waliokimbia. Turubai zao zilisogea hadi ukingoni mwa lami na mawe, watoto wakacheza mahali magari yanapopita. Nilijifunza kuingia mtaani kwetu kwa taa fupi na mwendo wa ng'ombe. Miongoni mwa waliofika alikuwepo yeye, mtu wa viazi, na mke wake na watoto wanne, na chukudu ileile imebeba mabati yaliyokunjwa. Alijenga kibanda kisicho mbali na uzio wangu. Tukala pamoja mara nyingi. Mkono wake ulipona, ila wakati wa baridi humuuma, hilo ananiambia nami sina la kujibu.

Mwanzoni mwa 2025 vibanda vilibomolewa, watu wakarudi walikotoka, naye akarudi Kibumba. Kopo bado liko chini ya kiti changu. Ndani yake zimeongezeka balbu mbili tu, zilizokufa kwa uzee, vioo vyake nimevisoma. Tunakutana barabarani jioni, yeye anateremka na kabichi, mimi napanda. Kabla hatujapishana huinua mkono ule mmoja kutoka kwenye usukani, na kwa sauti inayofika hata kama vioo vimefungwa huniita, “Gari!”

Nami hupunguza mwendo hadi apite.